Chunusi za Ujana na Dawa Zisizo Zake

Mwanafunzi wa sekondari ambaye uso wake umejaa chunusi huambiwa mengi: kwamba haogi, kwamba anapenda vyakula vya mafuta, au, baya zaidi, kwamba ana mawazo machafu. Maneno hayo hayana msingi. Wakati wa kubalehe mwili huzidisha homoni za androjeni, kwa wavulana na kwa wasichana pia. Homoni hizo huzichochea tezi za ngozi kutoa mafuta mengi. Matundu ya nywele huziba, bakteria huzaliana humo, na ngozi huvimba.

Aibu ndiyo impelekayo kijana dukani. Mjini Mwanza, kama katika miji mingine, huweza kuuziwa krimu ya betamethasoni au klobetasoli bila cheti cha daktari. Ajabu ni kwamba dawa hizo nazo ni za ukoo wa homoni, kwani zinafanana na kotisoli itokayo katika tezi zilizo juu ya figo. Ni dawa adhimu zikitumiwa mahali pake. Uchunguzi wa homoni za tezi hizo uliwapatia Kendall, Reichstein na Hench Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Lakini penye chunusi hutuliza uvimbe kwa muda tu. Hatimaye ngozi hukonda na chunusi mpya huzuka. Kijana akiacha kupaka, uso huwaka zaidi, naye hurudi dukani. Kuuza hivyo si huduma.

Mkorogo nao una historia yake kandokando ya Ziwa. Uchunguzi wa nywele uliochapishwa mwaka 1999 ulikuwa ukitafuta zebaki ya machimbo ya dhahabu. Kumbe baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi walikuwa wakitumia sabuni zenye sumu hiyo.

Walimu wa Baiolojia wafundishao homoni kwa mfano wa insulini wangefaa kuanza na chunusi, ambazo darasa zima linazijua. Chunusi zinazoacha makovu zapasa kupelekwa hospitali. Moshi kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu mwaka 1992. Zilizo hafifu hutibiwa kwa peroksidi ya benzoili au retinoidi, bila kuzikamua. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 8, na peroksidi hiyo hufifisha rangi ya nguo, hivyo sweta la shule livaliwe dawa ikiisha kukauka.