Faiba Itulindie Mabwawa

Tangu bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa Mei 9, 2018, na kuangamiza zaidi ya watu 40, hatujakosa kamati wala ripoti. Tunachokosa ni jicho lisilosinzia, nasi wa Embu tunaishi kando ya Masinga (1981) na Kiambere (1988), mabwawa yenye kuta za udongo na mawe.

Jicho hilo lipo. Uzi wa kioo, ndugu wa ule uliotuletea intaneti Embu na Meru, ukifukiwa kwenye mtaro chini ya ukuta, hurudisha sehemu ndogo ya mwanga wa leza unaopitishwa ndani yake. Udongo ukiuvuta, au maji yanayopenya yakiupoza, mwanga huo hubadilika, na mtambo hutambua ni mita ya ngapi.

Kikwazo ni kasi. Mwanga huenda kilomita 50 na kurudi kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini mtambo wa aina ya Brillouin hulazimika kujaribu masafa mengi. Masafa 200, kila moja likirudiwa mara 2,000 ili kuondoa kelele, yatakula zaidi ya dakika tatu. Ukuta unaobomoka hausubiri.

Basi wataalamu wameng'amua kwamba jibu la uzi lina umbo linalojulikana, mfano wa kengele. Masafa 40 yakipimwa, hesabu hukamilisha yaliyobaki, na dakika tatu huwa sekunde 40. Mchungaji wa Mbeere hahitaji kumwona mbuzi mzima. Pembe mbili juu ya kichaka zinamtosha.

Wapo watakaosema kupunguza vipimo ni kujipofusha. Hoja yao ina uzito: hesabu yaweza kufunika ufa mdogo. Ndiyo sababu napendekeza upimaji kamili ufanywe kila usiku, na ule wa haraka uendelee mchana kutwa.

Mtambo unaosikiliza mitikisiko, nao, ukipima sehemu 10,000 mara 1,000 kwa sekunde, huzalisha namba milioni 10 kila sekunde. Kuzisafirisha zote hadi Nairobi ni ubadhirifu. Zichujwe palepale bwawani, na kinachotumwa kiwe yale mabadiliko tu.

KenGen haina budi kuanza na Kiambere. Serikali za kaunti nazo ziulize kampuni za simu kama upo uzi usiotumika kando ya barabara ya Embu–Meru, hasa kwenye miteremko ya Thuchi, kabla ya mvua za masika.