Ilani ya Kuirudisha Milkwidi Iowa

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Iowa, tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, tumeunda umoja huu kwa sababu kipepeo monaki anakwisha, na ardhi anayozalia ni hii tunayoikanyaga.

Kiwavi wake hali kitu ila milkwidi, mmea wa utomvu mweupe uliokuwa ukiota katikati ya mahindi na soya. Mwaka 1996 ilianza kuuzwa soya isiyodhurika na dawa ya magugu ya glifosati. Wakulima wakanyunyiza dawa shamba zima, milkwidi ikateketea. Mbuga ya nyasi ndefu iliyofunika sehemu kubwa ya jimbo hili ilikwishalimwa zamani. Haijabaki hata sehemu moja kwa mia. Kipepeo atage wapi?

Hesabu yake hufanywa Meksiko, ambako monaki wa mashariki mwa Amerika Kaskazini hupitisha majira ya baridi kwenye miti ya oyamel, wameyalemea matawi kwa mamilioni. Mwaka 1996–97 walifunika zaidi ya hekta 18 za msitu. 2023–24 hawakutimiza hekta moja. Huko nako miti inaibwa, na wanavijiji wanaoilinda tuko upande wao. Lakini msitu huo wa Michoacán hauwezi kumlisha kiwavi wa Iowa. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza monaki alindwe kisheria. Sisi hatungoji.

Kazi hii ya kuirudisha milkwidi tunaiweza. Mashambani kwetu tulikotoka mnavu na mchunga hujiotea kwenye mahindi, na anayepalilia huiruka kwa jembe kwa kuwa ni mboga. Mama zetu wengi walio hapa wana jicho hilo la kutambua mmea wa kuachwa bado, na ndio tunaotaka watuongoze.

Makanisa na misikiti yetu iache sehemu ya uwanja bila kufyekwa, iote milkwidi na maua ya asili ya hapa yatakayowapa vipepeo nekta ya safari. Wenye nyumba za kupanga wasimtoze faini mpangaji kwa kupanda mmea uliokuwapo kabla ya nyumba yenyewe. Kaunti zisifyeke kando ya barabara mpaka monaki waondoke.

Uanachama hauna ada. Anayejiunga atapewa mbegu azitie ardhini Novemba, kabla theluji haijatanda, maana zisipopigwa na baridi hazioti vizuri.