Ukurasa wa Vijana: Chuoni na Kambini

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, na swali lile lile huzuka nyumbani kwetu: kijana aliyeshika masomo ya dini aende, au azuiwe asije akapoteza alichokisoma? Kwa wazazi wa Mbuji na milima ya Umatengo, ambako Waislamu ni wachache, hofu hii si ndogo. Huenda kijana huyo ndiye awasomeshaye wadogo zake.

Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Kijana wa Mbinga aweza kupangiwa Mlale, huko Songea, au akapelekwa mbali, Bulombora ya Kigoma ama Oljoro ya Arusha.

Wako wasemao kuwa elimu ya dini ni udhuru, nao hushika aya ya 122 ya Sura Tawba, iwaelezayo Waumini kwamba haiwafalii kutoka wote kwenda vitani, bali liwepo kundi la kujifunza dini. Lakini aya hiyo haikuufuta utumishi, imeugawa. Kuzama katika elimu na kulinda nchi zote ni fardhi za kifaya: zikikosa wa kuzitimiza, dhambi ni ya mji mzima.

Ama sala, hiyo ni fardhi ya kila mtu. Tazameni aya ya 102 ya Sura Nisaa na vita vya Dhatu Rriqaa: kundi moja lilisali nyuma ya Mtume (s.a.w.), na jingine likasimama kumkabili adui, kisha wakabadilishana. Ikiwa sala haikuanguka mbele ya panga, itaangukaje kambini penye amani?

Basi, mzazi, usimfiche mwanao; mwandae. Mfundishe mambo mawili ambayo wengi huyakosea. Kwanza, katika madhehebu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku 4 au zaidi, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, si msafiri tena. Kwa hiyo akishafika kambini atasali rakaa kamili, wala hatapunguza kwa miezi yote aliyopo huko. Pili, buti zilizo safi, zifunikazo miguu na vifundo vyake, zisizopenyeza maji kwa wepesi, zina hukumu ya khofu. Akizivaa akiwa na udhu kamili, aweza kuzipukusa kwa maji badala ya kuosha miguu muda wa mchana mmoja na usiku wake, kuanzia udhu unapotenguka baada ya kuzivaa. Akizivua, ruhusa imekwisha.

Nawe kijana, chukua msahafu mdogo, usome japo nusu ukurasa kabla ya kulala. Mkulima wa Umatengo hupanda juu ya tuta la ngoro na kuliacha shimo lihifadhi maji. Tuta pekee lingeporomoka mlimani. Utumishi wako ni tuta, na darasa lako ni shimo hilo.

Tena ukirejea, rudi chuoni. Aliyezoea kuamka kwa baragumu hana hoja ya kulala adhana ya Alfajiri ikipigwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu. Amin.