Mgeni wa Dodoma asiondoke Ijumaa

Ijumaa ikifika saa tisa alasiri, Dodoma huanza kumwagika. Watumishi, washauri na wahudhuriaji wa semina hutoka kumbini wakiburuta mabegi, bodaboda na teksi zinafukuzana kuelekea stesheni ya SGR. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue treni ya umeme Agosti 1, 2024, safari ya Dar es Salaam iliyokuwa ikila karibu siku nzima ndani ya basi sasa ni ya saa chache tu, chai mkononi. Ni jambo la kushukuriwa. Ila treni hiyohiyo imewarahisishia watu kuukimbia mji ambao hawajauona.

Akifika Dar, mtu huyo huulizwa habari za Dodoma naye hujibu: vumbi, joto la mchana, baridi ya usiku, hakuna kitu. Amekaa siku tano. Ameona ukumbi, chumba cha hoteli na sahani ya chipsi kuku.

Kusema kweli, lawama si yake peke yake. Mji wenyewe unamficha chakula chake. Katika hoteli nyingi za makao makuu ya nchi, orodha ya vyakula ina pilau, wali nazi, hata tambi za Kiitaliano, lakini mgeni akiulizia mlenda mhudumu hutabasamu kana kwamba ametaniwa. Wakati huohuo, ukivuka barabara mbili hadi kwa mama lishe aliyeko pembeni mwa soko la Majengo, mlenda upo jikoni na wala si wa kuagiza mapema.

Mlenda wa Wagogo una akili yake. Nyanda hizi hupata msimu mmoja tu wa mvua, wa kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Majani huchumwa wakati huo, huanikwa juani mpaka yakauke kabisa, kisha hutwangwa yakawa unga wa kijani unaowekwa hadi kiangazi. Siku ya kupika, maji huchemshwa na magadi kidogo, unga ukanyunyizwa huku ukikorogwa, karanga za kusaga zikafuata. Pembeni huwekwa ugali wa uwele au mtama, mweusimweusi na mzito. Mgeni hujulikana hapohapo: anachovya tonge, analivuta, na uzi wa mlenda unamfuata hadi kidevuni. Mwenyeji hulizungusha tonge mara mbili juu ya bakuli, uzi ukakatika, ndipo akalipeleka kinywani. Ujuzi huo haufundishwi hotelini.

Kinachoitwa chakula cha kimaskini si lazima kione haya. Edinburgh, mji mkongwe wa Uskochi, humlisha mgeni haggis: moyo, maini na mapafu ya kondoo vilivyokatwakatwa, vikachanganywa na nafaka ya oti na kupikwa ndani ya tumbo la mnyama huyohuyo. Ni mlo wa watu wasiotupa kitu. Leo uko kwenye migahawa yenye vitambaa mezani, na kila Januari 25 hukatwa kwa shangwe kumkumbuka mshairi Robert Burns. Watalii hulipia ili wasimulie kwao kwamba wamekula. Dodoma ina mlenda, ina ubuyu, ina uwele, halafu inampikia mgeni tambi.

Basi mgeni aliyebaki aanzie Msalato. Jumamosi ni siku ya mnada huko, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Kondoa. Upande mmoja ng'ombe na mbuzi, wanunuzi wakiwapapasa mgongo na kubishana bei. Upande wa pili mitumba, kamba, majembe, sufuria. Na katikati moshi. Nyama hapa haina orodha. Mteja huichagua ikiwa mbichi imening'inia, inapimwa kwa kilo, halafu anasubiri, na kusubiri ndiko kula kwenyewe kunakoanzia. Ikishaiva hukatwakatwa juu ya ubao mbele ya macho yake, chumvi ikamiminwa pembeni, pilipili na ndimu zikafuata. Uma hakuna. Asiyependa mafuta aseme mapema, maana mchomaji huamini mafuta ndiyo zawadi.

Mjini penyewe si pa kutumia siku nzima, na hakuna haja ya kudanganyana. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1910 na kituo cha kale kilizaliwa nayo. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010, unaonekana kwa mbali na unapendeza zaidi taa zikiwaka. Uwanja wa Nyerere una sanamu ya mtu ambaye chama chake, TANU, kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huku. Serikali ilianza kuhama kwa dhati mwaka 2016, na hadhi ya jiji ikatangazwa Aprili 26, 2018. Wenye kupenda mawe wana makumbusho ya jiolojia. Jina la mji nalo lina hadithi ambayo kila mzee anayo: tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, na Wagogo wakapaita Idodomya, mahali pa kuzama.

Kuna na divai. Mapadri ndio waliopanda mizabibu hapa katikati ya karne iliyopita, upande wa Bihawana, na leo mashamba ya Hombolo na Makutupora huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ufaransa hawalijui kwa kuwa baridi yao huilaza mizabibu. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kina zabibu nyekundu yenye jina la kijiji hicho. Lakini jaribu kuagiza divai ya Dodoma kwa glasi katika mgahawa wa Dodoma. Mara nyingi chupa inayoletwa imetoka Afrika Kusini. Huku mkulima wa Hombolo akilalamikia soko la zabibu zake, hilo ni zaidi ya aibu ndogo, na Jiji lenye mamlaka ya kutoa leseni halihitaji mfadhili ili lianze kuwauliza wenye hoteli maswali.

Jumapili ni ya Kolo, kwenye mapango ya michoro ya Kondoa. Watu hupanga safari ya Serengeti miezi sita kabla, huku eneo la Urithi wa Dunia likiwa takriban kilomita 180 tu kaskazini, lami mwanzo hadi mwisho kwenye barabara kuu ya kwenda Babati. UNESCO iliyatambua mapango ya michoro ya Kondoa mwaka 2006: zaidi ya 150, yaliyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro kwa mkono, jiwe baada ya jiwe, na kitabu chake kikatoka 1983.

Ofisi ya mambo ya kale iko Kolo barabarani. Hapo hulipwa kiingilio na hupatikana mwongozaji, kisha gari huacha lami na kwenda hadi chini ya mlima wa Mungomi. Kinachofuata ni miguu. Njia ni ya mawe na jua halina huruma, kwa hiyo maji na viatu vya maana si anasa. Juu, chini ya mwamba uliojiinamia kama kibaraza, macho huchukua muda kuzoea. Kwanza huonekana madoa ya rangi nyekundu iliyofifia. Halafu doa moja linakuwa twiga. Pembeni yake watu wembamba kupita kiasi, warefu, vichwa vyao vimevimba kama wamevaa kitu au wamefuga nywele. Juu ya wekundu huo kuna michoro myeupe, minene, ya watu waliokuja baadaye sana. Mahali pengine sadaka za juzi zipo: wenyeji bado hupanda hapa kutambika, kuomba mvua na uzima. Makumbusho machache duniani yana mteja wa aina hiyo.

Usimamizi ungeweza kuwa bora. Michoro mingi iko wazi kwa upepo, moshi na vidole vya watu, na msafiri apitaye na basi haoni kitu cha kumfanya aulize. Wabunge hukaa Dodoma tangu Aprili hadi mwisho wa Juni wakijadili bajeti, ikiwemo ya maliasili na utalii. Basi moja la Bunge, Jumamosi moja tu, lingetosha kuwapeleka wanaopitisha fedha hizo wakaone zinakokosekana.

Kutoka Kolo hadi mjini ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Aliyetoka alfajiri anarudi mchana, bado ana nafasi ya kula mlenda Majengo kabla ya treni ya jioni, na usiku huohuo analala kwake Dar.