Mti Hauendi ila kwa Nyenzo: Timu za Vyuo Vyetu na Uongo wa Kipaji

Anayetaka kujua maana ya kazi ya pamoja asihangaike na semina za mahotelini. Na aje Nungwi siku ya kushua jahazi. Chombo kilichojengwa miezi mingi juu ya mchanga, ubao kwa ubao, kikatiwa kalafati kila mshono, hakiteremki baharini kwa maarifa ya fundi peke yake. Magogo hutandikwa chini ya mkuku, kamba hufungwa, dua husomwa, kisha wanaume wa mji hushika na kuvuta. Wahenga waliifupisha elimu hii yote kwa maneno matano: mti hauendi ila kwa nyenzo.

Sijapata kumsikia mtu akimwambia fundi wa Nungwi: "Wewe una kipaji, kisukume mwenyewe." Lakini hayo ndiyo tunayowaambia, mwaka hadi mwaka, vijana wanaochezea timu za vyuo vyetu.

Nafundisha chuoni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu. Cheo hicho hakina posho wala ofisi. Kina funguo za kabati lenye mipira mitatu, mmoja wao hauhifadhi upepo. Msimu uliopita tulikuwa na mchezaji wa kati kutoka Nungwi, mtoto wa fundi wa vyombo. Alijifunza kutupa mpira kwenye pete ya nondo ambayo baba yake aliipigilia juu ya mnazi. Siku za mazoezi alikuwa akitoka kwao alfajiri kwa daladala ya 116, akishuka mjini na kupanda nyingine kuja chuoni, kisha akirudi usiku. Nauli ilitoka katika mfuko wake mwenyewe.

Mchezo mkubwa wa msimu ukaangukia Julai. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa Julai ni nini Nungwi: ni miezi ya wageni, hoteli zimejaa, na kijana mwenye miguu miwili na Kiingereza cha kuombea maji hupata kibarua. Kijana wetu alikuwa anabeba mizigo ya wageni. Aliomba ruhusa ya siku moja, akanyimwa. Akapiga hesabu ambayo mwenye tumbo lolote angeipiga: mshahara wa msimu ulikuwa ada yake ya muhula unaofuata. Hakuja. Tukafungwa vibaya. Katika mchezo huo huo mwenziwe akaanguka na goti likamgeuka. Gharama za hospitali tulichangishana, wanafunzi kwa walimu, noti moja moja ndani ya kofia. Wiki mbili baadaye nikaulizwa kikaoni kwa nini timu haikuleta kikombe. Niliposema habari za nauli na goti, nikajibiwa kwa maneno mawili ambayo kila mtumishi wa umma anayajua kwa moyo: hakuna fungu.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya maneno mawili hayo, na kwa sababu ya jina moja ambalo hufuata kila mara nikiyabishia. "Mbona Hasheem Thabeet alifika?"

Naam, alifika. Kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyeugusa mpira wa kikapu akiwa tayari ni kijana wa sekondari, alikwenda Marekani akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006. Msimu wake wa mwisho, ule wa 2008/09, timu yake ilishinda michezo 31 na kufungwa 5, ikafika nne bora za taifa zima. Ilitolewa na Michigan State kwa alama 82 kwa 73, mjini Detroit, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya vijana wote waliojitokeza mwaka ule. Stephen Curry, anayejulikana leo hata na watoto wa Mkokotoni, alichaguliwa wa saba.

Hii ni fahari yetu sote. Lakini tazama jinsi tunavyoitumia. Tunaichukua habari ya kijana mmoja kati ya mamilioni na kuifanya hoja ya kutowafanyia wengine chochote. Kama mmoja alifika bila sisi, basi sisi hatuhitajiki! Ni sawa na mtu aliyemwona mwenziwe akiokoka kwa kuogelea kutoka chombo kilichozama, akahitimisha kwamba maboya ni anasa. Tena tunasahau kwamba hakufika kwa kipaji kitupu. Alipofika Connecticut alikuta makocha, madaktari, ukumbi, chakula na ratiba. Alikuta nyenzo.

Hata hivyo, msidhani nawaombeni tuige Marekani. Msimu ule ule wa Thabeet una somo la pili, chungu zaidi. Februari 2009, jimbo la Connecticut likiwa na nakisi kubwa ya bajeti, kocha Jim Calhoun aliulizwa mbele ya wanahabari kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka, uliomfanya kuwa mtumishi wa jimbo anayelipwa kuliko wote. Alijibu kwa hasira kwamba hatarudisha hata senti moja. Na wale vijana waliokuwa wakiruka na kuanguka ili mshahara huo upatikane? Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zilikuwa zinakataza wasilipwe. Walipewa masomo, malazi na chakula, basi. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Mwaka 2013 timu hiyo hiyo ilizuiwa kushiriki mashindano ya mwisho wa msimu kwa sababu maendeleo ya masomo ya wachezaji wake yalikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Mwaka 2014 ikarudi ikatwaa ubingwa, na nyota wake, Shabazz Napier, akawaambia wanahabari kwamba zilikuwapo siku alizolala na njaa. Bingwa wa taifa tajiri kuliko yote duniani, analala na njaa! Imebidi wachezaji waende mahakamani. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2021 ilitikisa mlango, na Juni 2025 jaji akaidhinisha suluhu inayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Fidia iliyokubaliwa inaanzia waliocheza 2016. Kizazi cha Thabeet hakimo.

Kwa hiyo kuna namna mbili za kumdhulumu mwanafunzi anayecheza. Ya kwanza ni kuuza jasho lake na kumnyima bei yake. Ya pili ni kumwachia jasho lake likauke juani, kisha kumsuta kwamba hakushinda. Marekani walibobea katika ya kwanza. Sisi tumebobea katika ya pili, na kwa kuwa hakuna fedha ndani yake, tunajiona wasafi.

Nawajua wasomaji wangu walioko maofisini. Watasema suala hili ni la kisheria. Haya, na tulitazame. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja elimu ya juu kuwa jambo la Muungano. Michezo haimo katika orodha hiyo; Zanzibar ina wizara yake na baraza lake la michezo. Sasa timu ya chuo kilichoko Unguja ni kitu gani: ni elimu ya juu, au ni michezo? Nimeona barua ikitembea kutoka meza moja hadi nyingine kwa swali hilo, kila meza ikiielekeza kwa jirani, mpaka msimu ukaisha. Lakini mikopo ya wanafunzi nayo ni elimu ya juu, na bado Zanzibar iliunda bodi yake ya mikopo. Palipokuwa na nia, njia ilipatikana. Hoja ya Muungano ni ya kweli. Haipaswi kugeuzwa pango la kujifichia uvivu.

Wengine watasema, kwanza maji, kwanza madarasa, mpira baadaye. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nimefundisha darasa la watu wanaosikiliza kutoka dirishani. Lakini sikuomba uwanja mwingine wa Amaan. Naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kila chuo kitenge fungu la michezo katika bajeti yake na kulitangaza, ili wanafunzi wajue kiasi na matumizi. Kila mchezaji, wa kiume na wa kike, awe na bima ya kuumia kabla ya kuvaa jezi. Ratiba ya michezo ipangwe pamoja na ile ya masomo, tena kwa kuzingatia miezi ambayo vijana wa kaskazini na mashariki ya Unguja wanatafuta ada mahotelini. La nne ni ardhi.

Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992 inasema ardhi ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kwa manufaa ya watu wa Zanzibar. Mwekezaji wa hoteli haimiliki, anakodishwa. Basi pale serikali inapoandika mkataba wa kukodisha ufukwe kwa miongo kadhaa, kuna ugumu gani kuandika kifungu kimoja zaidi, kwamba eneo la kijiji la michezo litabaki wazi, na kwamba kijana mwanafunzi aliyeajiriwa kwa msimu atapewa ruhusa siku ya mashindano ya chuo chake? Watoto wa Nungwi wanacheza ufukweni maji yakitoka. Maji yakijaa, hawana pa kwenda. Si haki kwamba watoto wa kijiji kinachojaza hazina ya nchi wacheze kwa ruhusa ya bahari.

Yule kijana bado anasoma. Nilipokutana naye baada ya msimu aliniomba radhi kwa kutokuja siku ile. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu radhi ilikuwa inatembea upande usio wake. Sisi ndio tuliokuwa na deni: mimi mlezi nisiyepiga kelele mapema, wakuu wenye funguo za mafungu, wabunge na wawakilishi wanaopiga picha na vikombe tu.

Muhula mpya unakaribia. Jahazi liko juu ya mchanga, limekwisha kutiwa kalafati. Linasubiri watu wa kushika kamba.