Plastiki ya bakteria ianze na viriba vya mikorosho

Mwenye duka, usiondoke, maana chini kuna lako.

Msimu uliopita niliitwa kuangalia mkorosho uliodumaa, upande wa Nangurukuru. Mwenye shamba alishaweka samadi, alishapiga dawa, mti hauongezeki. Tukachimba. Kiriba kilikuwa bado kipo ardhini, cheusi vilevile kama siku kilipotoka kitaluni, na mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba kwenye ndoo. Kibarua aliyepanda hakukichana. Mti ulikuwa na miaka mitatu, yaani miaka mitatu ya palizi imekwenda bure.

Ndiyo maana nikisikia habari za plastiki inayotengenezwa na bakteria na inayooza, sifikirii mifuko ya dukani. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kapu la ukili lipo. Lakini kanuni zile hazikugusa vifungashio vya kilimo. Sizilaumu, tungeoteshea wapi miche? Basi kiriba kimebaki nasi. Ekari moja kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inachukua miche 28. Zidisha kwa ekari zako, kisha zidisha kwa kijiji kizima.

Plastiki hiyo si uchawi. Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne alieleza kwamba kuna bakteria anayejiwekea mwilini vichembe vya akiba, kama sisi tunavyoweka mahindi darini. Wataalamu waliofuata wakajua namna ya kumnenepesha: mpe sukari nyingi, halafu mnyime naitrojeni, hiyo hiyo unayoinunua kwenye urea. Bila naitrojeni hawezi kuzaana vizuri, na sukari bado ipo mbele yake, basi anaigeuza akiba. Akishashiba wanampasua na kuitoa. Akiba hiyo ndiyo plastiki yenyewe: inayeyuka kwa moto na kufinyangwa. Wataalamu wanaiita PHB. Mwaka 1990 huko Ujerumani shampuu ya Wella iliuzwa kwenye chupa za namna hiyo. Na kwa kuwa asili yake ni chakula, ukiifukia kwenye udongo wenye unyevu, bakteria wengine na kuvu wanaila.

Mbona haijafika Kilwa? Bei. Ni ghali kuliko plastiki ya kawaida, na sehemu kubwa ya gharama ni hiyo sukari ya kumlisha bakteria. Hapo ndipo ninapoyatazama mabibo yanayooza chini ya mikorosho yetu kila msimu. Watafiti wa India wamewalisha bakteria maji ya mabibo, na plastiki ikapatikana. Ilikuwa maabara, si kiwanda, na bibo unalijua: likianguka leo, kesho limechacha. Kwa hiyo sikuambii uanze kuyarundika. Endelea kuyaanika kama ulivyozoea, na akija mtu kukuuzia bakteria kwenye chupa ili utengeneze plastiki nyumbani, mwambie apite njia.

Rai yangu kwa wanaopanga miradi ni hii: ikija plastiki hii, ianzie kwenye kiriba. Mfuko wa dukani unarudi nyumbani na mwenyewe, kiriba mwisho wake ni shimoni. Najua kuna ugumu wake. Kiriba hicho kinatakiwa kivumilie kumwagiliwa kitaluni miezi kadhaa bila kuchanika, kisha kikubali kuoza shambani. Atakayetatua hilo atakuwa ametusaidia kuliko wanaoleta vikombe vya kuoza hotelini.

Sasa wewe mfanyabiashara. Ukiletewa mfuko au kiriba kilichoandikwa kwamba kinaoza, usiongeze hata shilingi kwa maandishi peke yake. Kuna plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ili imomonyoke juani. Hiyo inageuka vipande vidogo usivyoweza kuviokota, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Kata kipande, kifukie pembeni ya kipande cha kiriba cha kawaida, weka kijiti. Mvua zikiisha fukua vyote viwili. Kikiwa bado kizima kama jirani yake, jibu umepata.

Na mvua za kwanza zikianguka mwaka huu, chana kiriba ubavuni kwa wembe, toa na kitako chake, shika bonge la udongo lisivunjike, ndipo ushushe mche. Au otesha mbegu bora moja kwa moja shimoni, uepukane na kiriba kabisa. Ukiweka kibarua, usimlipe kwa kuhesabu mashimo. Mwambie akuletee viriba mkononi: miche 28, viriba 28. Vikipungua viwili, rudini shambani mkavitafute kabla jua halijazama.