Mstaafu wa Afrika Mashariki naye apewe haki ya kuhama

Kenya ina kibali cha mgeni anayetaka kuishi hapa bila kuajiriwa. Kinaitwa Daraja K. Anayekiomba awe ametimiza miaka 35, athibitishe kwamba anapata angalau dola 24,000 kwa mwaka kutokana na pensheni, kodi ya nyumba au uwekezaji, na aahidi kwamba hatatafuta ajira. Kwa mwezi hizo ni dola 2,000, zaidi ya shilingi 250,000. Katika mtaa wetu wa Kayole simjui mstaafu hata mmoja anayezikaribia.

Mimi ni mzee wa reli. Niliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1974 nikiwa na miaka 20, nikapewa chumba Makongeni. Jirani wa kulia alikuwa fundi kutoka Tabora, wa kushoto karani kutoka Jinja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na majirani hao wakarudi kwao. Nilibaki kazini hadi nikastaafu, na akiba yangu nikaijengea vyumba 12 vya kupangisha hapa Kayole. Kila kimoja kinalipiwa shilingi 5,000 kwa mwezi.

Watu hudhani kodi ya nyumba ni pesa inayokuja yenyewe. Januari wazazi wanalipa karo na landilodi anasubiri. Maji yakipotea, nanunua ya lori. Pampu ikiungua, ni mimi. Keateka analipwa, na ushuru wa asilimia 7.5 unatozwa pesa yote iliyoingia kabla sijatoa gharama yoyote. Hata hivyo nashukuru, kwa sababu kinachobaki kinanilisha bila kumwomba mtoto.

Binti yangu ameolewa Moshi na wajukuu wangu wote wako huko. Mke wangu alishafariki. Ningependa kupanga nyumba ndogo karibu nao, keateka aendelee kunikusanyia kodi huku na kunitumia. Kama raia wa Jumuiya iliyofufuliwa naruhusiwa kukaa Tanzania miezi sita. Zaidi ya hapo lazima niwe na kibali, na hapo ndipo Jumuiya yetu imetusahau.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inataja haki ya ukaazi katika Kifungu cha 14. Lakini haki hiyo imefungwa kwa watu wawili: mfanyakazi na mwenye biashara, pamoja na familia zao na wanaowategemea. Aliyemaliza kufanya kazi hana nafasi yake mwenyewe. Mlango uliobaki ni kuandikishwa kuwa mtegemezi wa mtoto, na mtoto wangu yuko katika boma la mume wake. Kwa desturi zetu mzee hahamii kwa mkwe akiwa na nguvu ya kujilipia nyumba. Kwa nini mwenye pesa yake aandikwe kuwa mzigo wa mtu mwingine?

Tazama wenzetu wanavyopima. Panama humpa ukaazi mstaafu mwenye pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, nusu ya kipimo cha Kenya. Ureno hutumia mshahara wa kima cha chini wa nchi hiyo, uliokuwa euro 870 mwaka 2025. Uhispania imepanda juu zaidi, euro 2,400. Zanzibar inampa kibali mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa. Nchi zote hizi zinatafuta pesa za wageni, na sioni ubaya. Ubaya ni raia wa Jumuiya kupimwa kwa kipimo hichohicho.

Ulaya ilitenganisha mambo hayo mapema. Mwaka 1990 jumuiya yao ilipitisha agizo la kuwapa waliostaafu haki ya kuishi katika nchi yoyote mwanachama, mradi wawe na kipato cha kutosha na bima ya afya. Sheria yao ya 2004 ikaongeza jambo muhimu: nchi isiweke kiwango kimoja cha pesa kwa kila mtu, bali itazame hali ya mwombaji. Mreno mwenye pensheni ndogo anayehamia Uhispania hapimwi kama Mmarekani anayeomba viza ya nchi hiyo.

Wapo watakaosema wazee watajaza hospitali na kugombania ardhi. Hoja ya hospitali ni ya kweli, na jibu lake ni bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya ilianza kazi Oktoba 2024, nayo Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mifuko ya bima ya nchi hizi mbili ikubaliane, mchango wa mzee umfuate anakohamia. Kuhusu ardhi, sheria za Tanzania tayari zinambana asiye raia, na mimi siombi shamba. Naomba kupanga nyumba na kumlipa mwenye nyumba wa Moshi kama wapangaji wangu wanavyonilipa.

Kwa hiyo mawaziri wa Jumuiya waongeze mtu wa tatu katika Kifungu cha 14: mstaafu anayejitegemea. Kipimo kiwe kima cha chini cha mshahara wa nchi anakohamia, na kodi ya nyumba ihesabiwe sawa na pensheni, kwa maana wengi wetu katika mitaa hii ya Eastlands tuliweka pensheni yetu kwenye matofali. Haki hiyo iwe ya pande zote, ili mzee wa Moshi mwenye watoto Umoja au Dandora aje kukaa karibu nao vivyo hivyo. Tulioijenga Afrika Mashariki ya kwanza kwa mikono yetu tunazeeka. Ya pili itutambue tungali hai.